Elimupatashika: Uchunguzi wa Kitenzi Kimoja cha Waingereza

Wataalamu wa wadudu wana mende wao, wataalamu wa nyota wana sayari zao, na sisi wa elimupatashika tuna kitenzi kimoja tu, tena cha kuazima: scramble. Hatuna idara chuo kikuu, hatuna jarida, na maombi yetu ya ruzuku hayajawahi kuandikwa seuze kujibiwa. Lakini kitenzi tunacho. Kwa karne kadhaa kimeachwa kizurure bila kuainishwa, kikaingia jikoni, viwanja vya ndege na vitabu vya historia bila kuulizwa kitambulisho.

Mwanafunzi wa sekondari wa Kitanzania hukutana nacho katika somo la historia, kwa matamshi ya "skrambo", kikiwa kimefungwa pingu moja na mwenzake "pateshen". Huvikariri vyote viwili, huvijibia mtihani, na huondoka shuleni akiamini kwamba skrambo ni jambo lililoipata Afrika mara moja tu na halina kazi nyingine duniani. Siku atakapolala hotelini, akaletewa orodha ya kifungua kinywa na kukuta neno lile lile lililolimaliza bara lake limeandikwa pembeni ya mayai, ndipo utafiti wetu unapoanzia.

Kwanza upana wa tatizo. Mwingereza akipanda mlima wa mawe kwa mikono na magoti, kitenzi ni hicho. Akimimina mayai kikaangoni na kuyakoroga kabla hayajashikana, ni hicho hicho. Rubani wake akikimbilia ndege ya kivita kengele ilipolia, hicho. Waendesha pikipiki wakitimua matope, hicho. Fundi mitambo akiichanganya sauti ya simu ili adui aambulie mikwaruzo, hicho. Watoto wakiokota sarafu zilizomwagwa nje ya kanisa siku ya harusi, hicho. Na mataifa ya Ulaya yakijitwalia bara la watu kwa muda usiofika miaka 40, ni hicho pia. Sisi kwa kazi hizo tuna kuparamia, kuvuruga, kukurupuka, kupigana vikumbo na kugombania, na kwa ile ya mwisho tuna maneno mengine ambayo mhariri hapendi yachapishwe.

Kuhusu ukoo wake, watunga kamusi wenyewe wamepigana vikumbo. Kinaonekana katika maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, tayari kikiwa na maana mbili: kukwea kwa viungo vyote vinne, na kushindana na wenzako kunyakua kitu. Baba yake hajulikani kwa hakika. Wapo wanaomtaja scrabble, mhamiaji kutoka Uholanzi ambako kazi yake ilikuwa kukwaruza kwa kucha. Wapo wanaomtaja scamble, marehemu sasa, ambaye Shakespeare alimtumia katika tamthilia za King John na Henry V alipotaka kueleza nyakati za fujo na kunyang'anyana. Na wapo wanaosema wote wawili walihusika. Rai ya elimupatashika ni kwamba kitenzi cha kugombania ambacho chenyewe kinagombaniwa na akina baba hakihitaji cheti kingine cha kuzaliwa.

Yule Mholanzi wa kukwaruza ana mtoto mwingine ambaye wasomaji wengi wanamjua: mchezo wa kupanga herufi ubaoni. Aliyeubuni ni Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Jina la Scrabble alilibandika mwenzake James Brunot mwaka 1948. Mwaka 2015, Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa mchezo huo kwa Kifaransa bila kujua Kifaransa. Alimeza kamusi, akapanga maneno, akapokea kombe. Kwetu sisi huyu ni kielelezo adimu: mtu anayeshindania kwa ustadi mkubwa vitu asivyojua maana yake. Tutakutana na ndugu zake mbele, mjini Berlin.

Jaribio letu la kwanza la kuainisha lilifuata kitu kinachogombaniwa. Liliporomoka siku hiyo hiyo, maana liliweka mayai, sauti na Mto Kongo kwenye kabati moja. La pili lilihesabu washiriki, likakwama kwa mpanda miamba ambaye yuko peke yake na bado anatoka jasho la ugomvi. La tatu lilipima kiwango cha fujo, na hapo ndipo jambo lilipojitokeza. Kadiri tulivyoikaribia fujo, ndivyo tulivyokuta mpangilio. Katika kila patashika tuliyoifungua, kando yake au juu yake alikuwapo mtu mmoja ametulia, hana jasho, nguo haijachanika, na mara nyingi ana daftari. Tumempa jina la Mkaaji. Tangu hapo tunaainisha patashika kwa kumtafuta yeye: ni nani, amekaa wapi, na kile kinachogombaniwa alikipataje.

Aina iliyo safi kuliko zote ni patashika ya sadaka. Mkaaji ana kitu, ni chake kihalali, anakirusha, watu wanarukiana. Kule magharibi ya Uskoti, hasa Glasgow na Ayrshire, gari la harusi likitaka kuondoka, baba wa bibi harusi au msimamizi hushusha kioo na kumwaga sarafu barabarani. Watoto wa mtaa, ambao hawakualikwa na wala hawakungoja kualikwa, hujitosa. Waskoti wa huko shughuli hiyo huiita kwa kitenzi chetu bila haya. (Pwani yetu hatuna kielelezo cha aina hii harusini. Mwimbaji wa taarabu hutunzwa noti kwa heshima zake, na mtunzaji hufika mbele akicheza, polepole, ili kila aliyeketi aione noti ni ya shilingi ngapi. Mkaaji anayecheza hatambuliki kisayansi.)

Katika mji wa Rye, Sussex, meya mpya huwarushia watoto sarafu zilizopashwa moto kutoka dirisha la ukumbi wa mji. Wenyeji wana hadithi kadhaa kuhusu sababu ya kuzipasha. Sisi tunaandika tu kwamba vidole vinavyoungua si vya aliye dirishani. Shule ya Westminster, London, imepiga hatua zaidi. Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, mpishi hurusha chapati ya maji juu ya chuma kilichokatiza ukumbini, wanafunzi waliochaguliwa huivamia, na baada ya dakika moja mwenye kipande kikubwa kuliko wenzake hutunukiwa sarafu ya dhahabu. Chapati yenyewe huchanganywa na singa za farasi ili isichanike upesi. Kwa maneno mengine hailiki. Mpishi anajua hailiki, wanafunzi wanajua, na wageni waalikwa wanajua. Patashika hapo imekomaa hata ikaacha kisingizio cha njaa.

Lakini kielelezo tunachokienzi kiko katika kijiji cha Hallaton, Leicestershire, kila Jumatatu ya Pasaka. Masimulizi ya kijiji yanasema mabibi wawili walikuwa wakikatiza shamba, fahali akawajia, sungura akapita mbele ya fahali, fahali akamkimbiza sungura, mabibi wakapona. Kwa shukrani walilipa kanisa kipande cha ardhi kwa sharti kwamba kila mwaka kasisi atoe pai ya nyama ya sungura, mikate na bia kwa maskini. Kwa nini shukrani kwa sungura ilipwe kwa kumpika, masimulizi yananyamaza. Mpaka leo pai hubarikiwa na kukatwa kwenye lango la kanisa, vipande vikarushiwa umati. Kisha watu wa Hallaton na wa Medbourne, kijiji jirani, hugombania vipipa vitatu, kimoja baada ya kingine, kila upande ukivutia kwenye kijito cha kwao. Viwili vina bia. Cha tatu ni gogo tupu lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Kanuni ni chache mno: usimtoboe mtu macho, usimkabe koo, usije na silaha. Ua wa miba, mtaro na seng'enge ni sehemu ya uwanja.

Litazame lile gogo. Watu wazima, wenye ajira na bima, wanalivutania kwenye matope mpaka bega linateguka, na wanajua fika halina tone. Mwaka 1790 kasisi wa wakati huo aliona huu ni upuuzi, akataka fedha za lile shamba ziende kwenye mambo ya dini. Ukuta wake ukaandikwa usiku kwamba pasipo pai hapana kasisi. Akaoka. Katika kumbukumbu zetu hakuna kisa kingine ambapo wagombanizi walimlazimisha Mkaaji aendelee kukaa.

Aina ya pili ni patashika ya kengele. Hapa Mkaaji harushi kitu, anapiga simu. Kiangazi cha 1940, vijana wa jeshi la anga la Uingereza waliketi kwenye viti vya uvivu uwanjani, majani yakiwa mabichi, ndege zikiwa hatua chache kutoka walipo. Simu ikilia kibandani na neno lile likipaazwa, wote wanatimua mbio na dakika chache baadaye wako angani. Aliyetazama kutoka nje ya ua aliona kukurukakara za vijana waliokurupushwa. Hakuona minara ya rada iliyopangwa pwani nzima, watazamaji waliokuwa wakihesabu ndege kwa darubini, wala chumba cha Bentley Priory ambako wasichana wa jeshi walisogeza vibao kwa fimbo ndefu juu ya ramani iliyotandazwa mezani. Taarifa ilipita kwenye ngazi zote hizo, ikapunguzwa chumvi, ikahesabiwa, ndipo ikateremka kibandani kama mlio wa simu. Mtu mwenye fimbo hakimbii. Asingeweza, angeangusha vibao.

Ya pikipiki haina la kutuongezea. Mwaka 1924, huko Camberley, Surrey, waandaaji waliondoa alama za ufundi wa kuendesha na kubakiza mwendo mtupu, na kwa kukosa jina wakaridhika na hili letu. Baadaye Wafaransa wakayaita mashindano hayo motokrosi. Mkaaji ana saa na bendera. Bodaboda wa mjini hufanya hivyo hivyo kila taa nyekundu inapowaka, akiwa na abiria, gunia la mkaa na maoni yake kuhusu serikali.

Patashika ya sauti inataka heshima zaidi. Katika vita hiyo hiyo ya pili ya dunia, ya wale vijana wa viti vya uvivu, Churchill na Roosevelt walizungumza kwa simu ya redio iliyovuruga maneno yao njiani. Wajerumani, kupitia shirika lao la posta, wakajifunza kuyapanga upya na kusikiliza. Ikabidi kujenga mtambo mwingine, SIGSALY, ulioanza kazi mwaka 1943. Kituo kimoja kilikuwa na uzito wa tani 50 hivi, na cha London kilifichwa chini ya duka kubwa la Selfridges, wanawake wakinunua kofia juu yake. Siri yake ilikuwa santuri. Zilirekodiwa santuri mbili zenye kelele zile zile za ovyo, moja ikabaki Washington, nyingine ikapelekwa London, zikazungushwa sawia ili kelele iliyoongezwa upande huu ipunguzwe upande ule. Zikitumika mara moja, zinaharibiwa. Yaani wahandisi walikaa wakatengeneza vurugu, wakainakili kwa uangalifu wa karani wa benki, wakaitia sahihi kwamba nakala inalingana na asili. Hatujapata kuona fujo yenye nidhamu kuliko hiyo.

Na mayai? Mayai yaliingia kwenye kitenzi hiki karne ya 19, na yalipoingia yalikipindua. Kabla ya hapo kilichoelezwa kilikuwa mwendo wa wanaogombania. Sasa kinaelezwa kinachotendewa. Yai halishindani na yeyote. Limekaa ganda lake, mpishi analijia. Naomba msomaji aishike tofauti hii, itamfaa baada ya muda si mrefu. Kwa wapenzi wa muziki niongeze kwamba Paul McCartney, alipopata sauti ya wimbo wa Yesterday bila maneno yake, aliuimba kwa muda kwa maneno ya mayai ya kuvuruga. Kwamba aliyabadilisha ni hasara ambayo elimupatashika haijaizoea.

Sasa Berlin. Magazeti ya London yalianza kulibandika neno hili kwa Afrika mwaka 1884, na mwaka huo huo, tarehe 15 Novemba, wajumbe wa mataifa 14 waliketi katika makazi ya Kansela Bismarck, mtaa wa Wilhelmstrasse, meza ikitazamana na ramani kubwa ya Afrika iliyotundikwa ukutani. Wengi wao hawakuwa wamekanyaga bara hilo. Waliamka tarehe 26 Februari 1885, wakiwa wamepumzika vizuri kwa Krismasi. Mwafrika hakuwemo. Wakaaji wa Berlin walikaa kwa niaba ya wakaaji wa Afrika, nao hawakupewa taarifa kwamba wamekaliwa.

Mtaalamu wa elimupatashika anapofika hapa anashika kichwa. Hakuna vikumbo. Hakuna nguo iliyochanika. Kuna divai, makatibu, na kamati ya kuandika vifungu. Tena, kinyume na tunavyokaririshwa, mkutano wenyewe haukuchora mipaka mingi. Kazi hiyo ilifanywa baadaye, wawili wawili, kwa mikataba ya pembeni. Kilichotoka Berlin kilikuwa kanuni za namna ya kunyakua bila kugombana. Kifungu cha 34 kilisema anayetwaa kipande cha pwani awape wenzake taarifa. Cha 35 kilisema haitoshi kutoa taarifa, sharti awe na mamlaka hapo kweli.

Vifungu hivi viwili vinajulikana na kila abiria wa Mbagala jioni, ingawa hakuvisoma. Gari halijasimama, mkono umeshapenyeza mkoba dirishani na kuuweka kitini. Mwenye mkoba bado yuko nje anasukumana. Huyo ametimiza kifungu cha 34. Mwingine ameingia mlangoni kwa viwiko, ameuinua mkoba, ameupakata na kuketi. Huyo ni wa kifungu cha 35. Hapo hutokea kesi, kila upande ukinukuu desturi, mpaka konda anapotoa hukumu isiyo na rufaa: "Kiti hakikaliwi na mkoba, mama. Sogea ndani." Ulaya haikuwa na konda. Na daladala ina mwenyewe, anataka nauli.

Wakati wajumbe wakijadili taarifa na mamlaka, kijana mmoja alikuwa akirusha mikoba. Carl Peters na wenzake, Jühlke na von Pfeil, walifika Unguja mwanzoni mwa Novemba 1884 kwa majina ya uongo, wakavuka bara kupitia Saadani, na katika majuma machache wakakusanya mikataba Useguha, Nguru, Usagara na Ukami. Tarehe 29 Novemba walikuwa Msovero, kwa Mangungo. Karatasi waliyomwekea mbele iliitwa mkataba wa urafiki wa milele, iliandikwa kwa Kijerumani, na ndani yake nchi yake ilikuwa imekwisha kutolewa. Wajerumani waliipatia hati ya ulinzi ya mfalme wao tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Berlin kufungwa, ili wajumbe wasiharibiwe chakula cha kuagana.

Jina la Mangungo limebaki katika siasa zetu kama tusi. Kila serikali ikitiliana saini na kampuni ya kigeni, mtu lazima asimame kusema hatutaki Umangungo. Ningependa haki itendeke hapa kidogo. Kati ya watu waliokuwepo Msovero siku ile, yeye ndiye aliyetumia jina lake halisi tangu mwanzo wa safari.

Sultani Barghash wa Unguja alipinga: maeneo yale alikuwa akiyahesabu kuwa yako chini yake. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, na pingamizi likapungua sauti. Mwaka uliofuata London na Berlin waliandikiana wakampimia pwani ya upana wa maili 10, na nyuma yake wakapiga mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Viktoria, ukijipinda kuizunguka Kilimanjaro. (Ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima huo siku ya kuzaliwa ni tamu lakini haina miguu. Mstari ulipigwa 1886. Mjukuu alipata kiti cha ufalme 1888.) Tarehe 1 Julai 1890 walikaa tena. Ujerumani ikapata Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini unachoweza kukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, Uingereza ikapata ulinzi wa Unguja na Pemba, na ile pwani ya sultani upande wa Wajerumani ikanunuliwa kwa marki milioni 4.

Kipimo chetu basi kinasemaje? Katika patashika ya sadaka, arushaye ndiye mwenye mali. Hapa hakuna aliyerusha. Katika patashika ya kengele, Mkaaji hukaa ili wengine wakimbie; hapa waliokaa ndio hao hao waliochukua. Hata Kiswahili kinagoma. Huwezi kugombania kabla ya kugombana, sarufi yenyewe imekiweka kiungo cha kutendana katikati ya neno, na mabwana hawa hawakugombana: waliandikiana barua, wakapeana visiwa, wakalipana marki. Kazi hiyo jina lake ni kugawana. Waliogombana walikuwa upande wa pili, na walipata majina mengine katika vitabu hivyo hivyo. Abushiri bin Salim alipoinua pwani mwaka 1888 aliandikwa mwasi. Kinjikitile na wenziwe wa mwaka 1905 waliandikwa waasi pia. Neno la fujo, lenye vumbi na kucheka kidogo ndani yake, lenye watoto na sarafu, likabaki kwa wenye kalamu. Ukisikia watu walihangaika na kukwaruzana, huulizi hati ilikuwa na kurasa ngapi.

Kwa sababu hizo kielelezo cha Afrika kimeondolewa kwenye kabati la wagombanizi na kuhamishiwa lile la mayai, pamoja na maana yake iliyopinduka. Uhamisho huu una ushahidi wa mamlaka ya juu. Julai 1964, wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo, na kwa hoja iliyosukumwa na Mwalimu Nyerere wakaazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Hakuna aliyesimama kuisifu. Walijua ilivyochorwa, walijua makabila yaliyokatwa mapande, na walijua kikaango kilikuwa kimoto. Somalia na Morocco walikataa azimio hilo, kila mmoja akiwa na kipande chake cha ganda mkononi.

Hoja ya Cairo ilimrudia mwenyewe mapema kuliko alivyodhani. Ule mkataba wa 1890 haukuishia Heligoland: kusini uliupitisha mpaka kwenye ukingo wa Ziwa Nyasa upande wa Wajerumani, maji yote yakabaki kwa Waingereza. Mwaka 1967 Tanzania ilisema mpaka uko katikati ya ziwa, kama yalivyo maziwa ya watu wengine. Rais Banda wa Malawi akasema upo ufukweni kama ulivyoandikwa, na kwamba ni Mwalimu aliyetaka mipaka ya wakoloni isiguswe. Kwa upande wa Wamalawi ziwa linaitwa Malawi, hivyo hata jina la kuandika juu ya faili linahitaji usuluhishi. Marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano walipewa kazi ya kupatanisha, na kesi ipo.

Mvuvi wa Mbamba Bay anayesukuma mtumbwi kwenda kutega usipa, kwa mkataba ule wa 1890, anaingia nchi ya kigeni maji yakiwa bado kifundoni, na anarudi na samaki walioagizwa kutoka nje. Hajawahi kuulizwa pasipoti, wala usipa hawajalipiwa ushuru wa forodha. Wanachama wawili wa elimupatashika wanasema hii ni patashika ya sadaka ambayo Mkaaji wake ameshakufa. Wa tatu anasema ni mayai yaliyovurugwa upande mmoja. Kielelezo kimeandikwa kwenye jedwali kwa penseli.